Mgonjwa wa Jumamosi

Kwetu Tanga mtu akionekana porini alfajiri bila jembe, bila panga na bila mbuzi aliyepotea, watu humwuliza kwa upole kama nyumbani ni salama. Mimi nimelelewa hivyo na sioni haya kulisema. Miguu yangu naijua kazi yake: ni ya kukanyagia cherehani, na siku ya Ijumaa kunifikisha msikitini. Basi nikisema kwamba kipupwe kizima cha mwaka ule, kila Jumamosi, nilikuwa napanda vilima vya Magaliesberg, mwendo wa saa nzima na ushei kwa gari kutoka Johannesburg, msomaji asidhani nilikwenda kwa kupenda. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa mgonjwa. Na ugonjwa wenyewe sikuwa nao.

Nianze na mama. Huku Johannesburg Wakongo humwita mwanamke mzima mama na mwanamume mzima papa, nasi wengine tumefuata. Mama huyu alikuwa msusi kutoka Bukavu, jirani yangu pale Observatory, upande ule unaoshuka kwenda Yeoville. Alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Ukiugua, yeye ndiye aliyekupeleka kliniki, akakaa foleni nawe tangu asubuhi, na mkifika kwa nesi akaeleza ugonjwa wako vizuri kuliko wewe unayeumwa. Kicheko chake kilisikika mpaka kwenye robot, taa za barabara kubwa, na madereva waliosubiri taa iwake kijani walikuwa wakigeuza shingo.

Mume wake alikuwa rafiki yangu. Alikuwa akiuza vitambaa, na kila jioni akimaliza mizunguko yake alipita dukani kwangu, akakalia kigoda kando ya pasi, akanywa chai. Chai yangu naomba niisemee kidogo, kwa kuwa itarudi. Ni ya maziwa, ina tangawizi, iliki na mdalasini, na naipika mimi mwenyewe kwenye jiko dogo la umeme nyuma ya duka, taratibu, kama alivyokuwa akipika marehemu mama yangu. Rafiki yangu alitia vijiko vinne vya sukari, akakoroga bila haraka, akanywa amefumba macho. "Chai ya namna hii, papa," alikuwa akisema, "mutu anaweza kuisafiria."

Mwisho wa mwaka akaacha kuja. Tukaambiwa ni mgongo. Baadaye tukaambiwa ni mguu, halafu tukaambiwa amelala, asisumbuliwe. Ugonjwa wa ndani kwao hautangazwi, maana ukishatangazwa kila jirani analeta jina la mchawi wake. Mwezi wa pili tukamzika. Kwenye matanga hakuna aliyetaja maradhi. Mchungaji aliomba, wanawake waliimba, na mimi nilirudi dukani nikakiingiza kile kigoda stoo nisikione.

Baada ya matanga mama alijifungia. Kiti chake saluni kikakaliwa na mwingine. Ukigonga mlango, binti yake aliyezaliwa hapa hapa anakujibu kwa Kiingereza kwamba mama amepumzika. Tulipeleka chakula, sufuria zikarudi zimeoshwa vizuri, na tulijua ni watoto walioshiba. Kanisani hakwenda. Kuongea hakuongea. Kicheko ndiyo usiseme. Nami niliogopa, nasema wazi, niliogopa kwamba mwaka hautaisha kabla hatujachimba kaburi la pili ubavuni mwa la kwanza.

Tulikuwa watatu tuliolifikiria jambo hilo. Mimi, halafu Mkenya mmoja anayefanya kazi ya kompyuta katika ofisi ya Randburg, na Mrundi, mlinzi wa usiku, anayekaa Alexandra. Wote wawili walikuwa wamewahi kupelekwa kliniki na mama, Mkenya kwa jino na Mrundi kwa kifua, na wote wawili walikuwa wakishona kwangu. Tukakutana dukani.

"Mzee, huyu mama anahitaji tu kutoka nje," Mkenya akasema. Yeye ni mtu wa mazoezi, ana viatu vya kupandia milima na fimbo mbili za kukunjwa. "Mimi nikilemewa na kazi naenda kupanda mlima. Jumatatu niko poa kabisa."

"Utamwambia nini?" Mrundi akauliza. "Mama, njoo tukutembeze?"

Johannesburg wanaotembezwa ni mbwa, tena na mtu anayelipwa mshahara.

"Kwa ajili yake mwenyewe hatatoka," nikasema. "Kwa ajili ya mgonjwa, atatoka."

Wazo lilikuwa langu na sikulifikiria mwisho wake. Walitazamana, kisha wakaanza kutafuta mgonjwa. Mkenya hukimbia maili nyingi kwa raha zake, hakuna atakayeamini. Mrundi ni mwembamba hivi kwamba mkanda wake niliutoboa mimi mwenyewe matundu ya ziada, lakini ni mwembamba wa kuzaliwa. Basi macho yao yakashuka kwenye tumbo langu, yakatua, yakatulia.

"Presha," Mkenya akapendekeza.

"Presha atanipeleka kupimwa kesho asubuhi."

"Moyo basi," akasema Mrundi.

"Moyo haufanyiwi mzaha."

Nikafikiri, nikasema sukari. Niliuchagua mwenyewe ugonjwa huo, na nilijipongeza. Nilidhani sukari ni maradhi ya watu wa heshima, mtu anaugua huku amevaa koti na anaendelea na biashara zake.

Jioni ile nikagonga kwa mama, na kabla binti hajajibu nikausemesha ule mlango wenyewe. "Mama, daktari ameniambia nina sukari. Ameniamrisha kutembea kila Jumamosi, milimani, kwenye hewa safi. Naogopa kwenda na hawa vijana peke yangu. Nikianguka watanipiga picha kwanza."

Nilikuwa nishageuka kuondoka mlango ulipofunguka. Alikuwa amekonda. Akanitazama kuanzia kichwani akishuka, mpaka akafika miguuni, na macho yake yakabaki hapo hapo miguuni.

"Tangu lini?" akauliza.

"Hivi karibuni tu."

"Jumamosi saa ngapi?"

Nilishuka ngazi kama mtoto siku ya Idi. Wenzangu walikuwa wananingoja chini, tukapigana viganja. Sharp, akasema Mrundi, kila kitu sharp. Tulijiona watu werevu sana.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa mwanzo wa Juni. Tuliondoka na gari dogo la Mkenya kabla jua halijatoka, na kila robot tuliyosimama ilikuwa na watu wamejikunyata mikono ndani ya makwapa. Mrundi alikuja moja kwa moja kutoka zamuni, na koti lake la ulinzi, akalala kabla hatujafika barabara kuu. Mama alikaa mbele na nguo zake nyeusi za msiba, viatu vya kanisani, na blanketi zito begani. Hakusema neno njia nzima.

Huko milimani sitasema uongo, palikuwa pazuri kwa mtu apendaye vitu hivyo. Nyasi zote za njano, kavu, na juu yake barafu nyembamba inayovunjika chini ya kiatu. Mahali pengine wenye mashamba walikuwa wamechoma ukanda ili moto usivuke, na hapo palikuwa peusi tii. Mishubiri imechanua maua mekundu wakati kila kitu kingine kimekufa. Mbingu bluu, haina hata wingu la kumfariji mtu wa pwani. Mimi nilivaa suruali mbili, masweta matatu na kofia ya kiua chini ya kofia ya sufu, na bado meno yalikuwa yanagongana. Hapo hapo akatupita mzee mmoja Mzungu na mkewe, wote wawili wamevaa kaptura.

"Môre," akasema mzee yule, na kuendelea.

Mimi salamu ya neno moja siiwezi. Nikamrudishia za asubuhi, nikauliza za nyumbani, nikauliza watoto, nikamaliza na hali ya baridi, yote kwa Kiingereza changu, na nilipofika kwenye wajukuu wenyewe walishapotea nyuma ya mwamba.

Tulipofika kwenye jiwe moja kubwa, bapa, Mkenya akasema tupumzike. Nikatoa chupa yangu ya chai. Hiyo ndiyo iliyokuwa imenitoa kitandani. Nikafungua, mvuke ukapanda, harufu ya iliki ikatembea. Mama akageuka. Akanyoosha mkono, akaichukua chupa, akainusa, kisha akaimwaga yote kwenye nyasi.

"Papa, unataka kufa?" akasema.

Mkenya alinikanyaga mguu kwa furaha. Lilikuwa jambo la kwanza mama kulifanya kwa hiari yake tangu mwezi wa pili. Mimi nami nilifurahi, lakini niliutazama ule mvuke unavyotoka kwenye nyasi za Wazungu, nikaomboleza kimoyomoyo.

"Sasa vua soksi," akasema.

"Soksi?"

"Nione vidole."

Kwenye baridi ile, juu ya jiwe lile, nikavua soksi. Akaushika mguu wangu, akaugeuza, akapitisha kidole kati ya kila kidole, akabonyeza kisigino akiniuliza kama nasikia. Nilisikia sana. Mzee wa kaptura na mkewe walikuwa wanarudi wakati huo huo, wakatukuta hivyo, mimi nimekaa kama bwana harusi anayeoshwa. Safari hii hakusema hata môre.

Tangu siku hiyo nikawa na mwenyewe. Jumamosi ya pili alikuja na maharage yasiyo na chumvi na chupa ya majani machungu yaliyochemshwa. Nimesikia watu wakisema kitu ni kichungu kama shubiri, nami nimewahi kuionja shubiri utotoni, kwa hiyo naweza kusema kwamba majani yale yaliishinda. Ilikuwa lazima nimalize kikombe mbele yake. Katikati ya wiki alipita dukani bila taarifa, akafungua kabati langu la nyuma, akaondoka na mfuko wa sukari na biskuti. Mandazi ya mama mmoja wa spaza, kiduka cha pembeni, niliyokuwa nikinunua kila asubuhi kwa miaka, nikaambiwa yamepigwa marufuku. Yule mwenye spaza mwenyewe alikataa kuniuzia. "Eish, no, baba," akaniambia kwa huruma, "yule mama atanichinja."

Kanisani nako mama akarudi, ili aniingize kwenye maombi. Kwa hiyo kila Jumapili kusanyiko zima la Wakongo lilikuwa linamwombea Mwislamu mmoja wa Tanga asiye na ugonjwa. Habari ikatoka kanisani, ikaingia sokoni, ikapanda basi, na baada ya wiki tatu mke wangu akanipigia simu kutoka Tanga akilia, kwa nini asikie maradhi ya mumewe kwa watu. Ikabidi nimweleze ukweli. Alicheka mpaka simu ikakatika. Kisha akapiga tena. "Ila na wewe," akasema, "punguza."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kupelekwa Magaliesberg. Njia yangu ilikuwa inapanda, inashuka kwenye kijito kikavu, inapanda tena, na kila nikisimama kuhema mama alikuwa nyuma yangu akisema, "Tembea papa, damu itembee."

Lakini alikuwa anarudi. Tuliona. Viatu vya kanisani akaviacha, akanunua raba. Julai akavua nguo nyeusi, akaja na kitenge cha bluu juu ya suruali ya joto. Akaanza kugombana na Mkenya juu ya mwendo, akamwambia mgonjwa haendeshwi kama ng'ombe wa mnada. Akarudi saluni siku mbili kwa wiki, halafu siku nne. Kilichobaki ni kicheko. Hicho hakikurudi, na bila hicho tulijua kwamba mtu mwenyewe bado hajafika.

Tulijaribu. Mimi nilisema visa vyote vya Tanga ninavyovijua na vingine ambavyo havikutokea. Siku moja Mrundi, ambaye alikuwa na kipaji cha kulala akitembea, alilala kwelikweli, akaiacha njia, akaanguka kwenye ule ukanda uliochomwa na kubingiria mpaka chini. Alipoinuka meno tu ndiyo yaliyoonekana. Mimi na Mkenya tulikaa chini kwa kucheka, mbavu zinauma. Mama alimpangusa masizi usoni na kumwuliza kama amekula tangu jana.

Basi ikafika Agosti, upepo wa vumbi ukaanza, na Jumamosi moja wakati wa kurudi mama akasema, akitazama barabara:

"Juma lijalo nitaleta kipimo. Tutapima sukari yako pale kwa jiwe. Nataka kuona kutembea kumefanya nini."

Hata Mrundi aliamka.

Tukakutana dukani usiku wa kuamkia Ijumaa, kikao cha dharura. "Hiyo machine itatuanika, mzee," Mkenya akasema. "Itaonyesha uko sawa, ataenda kwa daktari wako kumshukuru, na daktari hayuko."

"Mimi nilisema moyo," Mrundi akakumbusha.

"Afadhali ionekane bado iko juu kidogo," Mkenya akaendelea. "Tunaendelea kutembea, tunashusha polepole mpaka Desemba. Mzee, siku hiyo wewe kula sukari."

Msomaji, nimeshauriwa mengi maishani, lakini ushauri mtamu kama huo sijapata. Nikaenda Fordsburg kwa Mzanzibari mmoja anayepika halua, nikanunua. Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, nikakaa peke yangu jikoni na sahani. Nilikusudia vipande viwili. Lakini nilikuwa na njaa ya miezi miwili na nusu, na halua ilikuwa laini, imekolea iliki, na sijui mkono ulikwenda mara ngapi. Nilipotahamaki nilikuwa nafuta sahani kwa kidole. Kisha kwenye kituo cha mafuta Mkenya akanipenyezea soda nyuma ya choo, nikainywa nayo kwa usalama.

Kwenye jiwe letu mama akakunjua blanketi. Akatoa mfuko mdogo wa ngozi, umechakaa pembeni, na ndani yake kile kipimo. Niliona mikono yake. Haikubahatisha. Alichomeka karatasi, akachoma ncha ya kidole changu, akakamua tone, akaliweka, vyote kwa namna ninavyotia mimi uzi kwenye sindano. Ndipo mashine ikapiga mlio.

Nambari ilikuwa kubwa. Mkenya, aliyekuwa amesimama nyuma ya mama, akanionyesha kidole gumba.

Mama aliitazama. Akaifuta kwa kitenge kama yenye vumbi, akaitazama tena. Kisha akakaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu pale kwenye nyasi zenye barafu, kipimo mkononi, na uso wake ukawa uso ule wa mwezi wa pili. Ulirudi wote, mbele ya macho yetu.

"Bado iko juu," akasema. "Tumetembea baridi yote. Nimemwaga chai, nimeangalia miguu, nimefunga na kuomba. Na bado iko juu. Njo vile ilikuwa ya bwana yangu."

Upepo ulikuwa unapita kwenye nyasi. Mrundi ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini. "Mama, baba alikuwa na sukari?"

"Miaka mitatu. Hakutaka mutu ajue. Daktari alimwambia atembee, akasema mwanaume hatembei barabarani na bibi yake kama mgonjwa. Akapata kidonda kwa kidole cha mguu. Alikificha ndani ya soksi. Hata mimi alinificha, mpaka mguu ukaharibika, na vile nilikiona ilikuwa imechelewa." Akakigeuza kile kipimo mkononi. "Hiki ni chake. Siku ile ulikuja kwa mlango, papa, ukasema sukari, nilisema Mungu amenipa mwingine. Huyu nitamshika. Huyu hatakufa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Methali ya mficha maradhi ilinijia nikairudisha, maana rafiki yangu alificha maradhi na mimi nilikuwa nimekaa mbele ya mjane wake nimeficha afya. Nilimtazama Mkenya, alikuwa anatazama viatu vyake vya bei. Ukweli wote sikuweza kuusema. Nilijua ningeusema angebaki hana wa kumshika. Nikasema kipande kile ambacho bado nilikuwa na ladha yake mdomoni.

"Mama, nimekula halua."

Akainua kichwa. "Lini?"

"Leo asubuhi."

"Kidogo?"

"Sahani."

"Na soda," akasema Mkenya, kwa sauti ya mtu aliye mbele ya hakimu.

Mama akatutazama, mmoja baada ya mwingine. "Sahani ya halua," akasema polepole. "Siku ya kupima. Mwanaume mzima." Akatikisa kichwa. "Na ye alikuwa hivyo hivyo. Nilikuwa nakuta biskuti ndani ya kiatu chake cha kanisa." Akachezea zipu ya ule mfuko wa ngozi. "Papa, uniambie kweli. Kwako, chai alikuwa anakunywa namna gani?"

Nilikiona kile kigoda kando ya pasi. Ningeweza kusema bila sukari, na nani angenipinga? Kipupwe kizima uongo ulikuwa unanitoka bila jasho. Lakini hilo lilikuwa swali la mtu na mumewe, na mimi sikuwa na haki ya kuingia katikati.

"Vijiko vinne, mama," nikasema. "Siku nyingine namtilia mimi kwa mkono wangu. Sikujua. Wallahi sikujua." Na hapo machozi yakanitoka, ya rafiki yangu, ambayo kwenye matanga sikuyapata.

"Vinne," akasema mama.

"Vinne."

"Mi alikuwa ananiambia, kwa ule fundi wa Tanga usiogope, hapana sukari pale. Chai yake ni maji ya kuoshea sufuria. Ninakunywa juu ya heshima tu."

Niliacha kulia. "Alisema nini?"

"Maji ya kuoshea sufuria."

"Chai yangu?" Nikasimama. Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja na soksi yake kwa mazoea, nikasimama hivyo hivyo, mguu mmoja mtupu juu ya barafu. "Chai ya maziwa? Yenye iliki? Mtu aliyekuwa anafumba macho akiinywa? Alikuwa anaomba cha pili, mama, anachungulia sufuria kama imebaki! Aliniambia inasafiriwa! Haki ya Mungu, angekuwa hai leo ningemwita hapa mbele yako aseme tena hayo maneno!"

Nilikuwa namgombeza maiti, katikati ya nyika, mguu mtupu umelowa, na kidole changu cha shahada kiko angani. Nilikuwa na hasira ya kweli. Na hapo mama akaanza. Kwanza mabega, halafu akaziba mdomo kwa mkono, halafu mkono ukashindwa. Alicheka. Kikatoka chote, kile kile cha kugeuza shingo za madereva, kikagonga mwamba upande wa pili na kurudi. Alicheka na machozi yakimtiririka, akamtaja mumewe kwa jina la kumtania ambalo hatukuwahi kulisikia, akasema mwongo wewe, mwongo wewe, akicheka na kulia pamoja mpaka ikawa haijulikani lipi ni lipi. Kule chini njiani wale wazee wa kaptura walisimama wakatazama juu. Mrundi aliwapungia mkono.

Alipotulia akajifuta kwa ncha ya kitenge. Akakirudisha kipimo kwenye mfuko wake na kufunga zipu. Mkenya akakohoa, akasema, "Mama, kuna kitu lazima tukuambie, unajua mzee hapa ukweli ni kwamba yeye..." Nikamtazama kwa jicho ninalolitumia kwa wateja wanaotaka suti ya harusi siku ile ile. Akameza maneno yake.

"Ukweli ni kwamba hasikii," akamalizia.

"Ninajua hasikii," akasema mama. "Wote hamusikii. Juma lijalo tunapima tena, na nitapitia kwako mapema nione umekula nini. Sasa kaa chini, papa. Vua na ile ingine."

Nikakaa kwenye jiwe la baridi, nikavua na soksi ya pili.